Mtu wa Yai na Mwisho Wake

Je, nimwambie nyanya? Swali hilo limeninyima usingizi tangu nilipomaliza ile riwaya. Utanicheka, rafiki yangu. Wengine hukosa usingizi kwa homa au kwa njaa. Mimi, niliyemaliza chuo kikuu na sina kazi, naukosa kwa sababu ya kurasa za mwisho za kitabu cha Kifaransa nilichokikuta kati ya vitabu vikuukuu sokoni hapa Kindu.

Mwaka huu nimesoma sana, kwa kuwa sina wa kuzungumza naye. Nilisoma riwaya ya mapenzi ambayo kila mtu ndani yake anajua anachotaka. Ilinichosha, maana mimi hata sabuni nainunua kwa mashaka. Nilisoma kijitabu cha mashairi juu ya mto, nikakipenda, kisha nikaanza kujiuliza kama nimekipenda kweli au ni kwa kuwa ni kifupi. Lakini ile ya sokoni niliitambua palepale mwanzoni: kijana anamuaga mama yake kwenye kituo cha gari la moshi, mfukoni ana yai la kuchemsha. Niliyasikia maneno hayo kabla sijajua kusoma, kwa sauti ya jirani yetu.

Ilikuwa miaka ya vita, nami nikiishi na nyanya huku mtaa wa Mikelenge. Gari la moshi liliacha kuja, na jirani, mtu wa Kasai aliyefanya kazi ya reli, akabaki na kofia yake ya kazi na sanduku la vitabu. Nyanya aliuza karanga za kukaanga na hakuwa na karatasi ya kuzifungia. Basi wakapatana. Alasiri jirani alitusomea, akitutafsiria Kifaransa kwa Kiswahili polepole, halafu alizichana kurasa tulizokwisha kuzisikia, akampa nyanya. Riwaya zikatawanyika mji mzima zikinuka mafuta na moshi. Mashairi ndiyo yaliyokuwa na bahati: ukurasa mmoja, pakiti moja, na mteja akalipata shairi zima.

Mjomba wangu, mwana wa nyanya, alikuwa amekwenda Kampene kuchimba dhahabu, na njia ikafungwa nyuma yake. Nyanya hakumtaja. Alimuuliza tu jirani habari za mtu wa yai.

"Papa, huyu muntu atarudia kwabo?"

"Ngojea, mama. Hata mimi sijafika kule."

"Weye unasoma kama gari lako. Kila kituo unasimama."

"Lakini lilikuwa linafika, mama."

Nyanya hakujua Kifaransa. Kitabu pekee alichofundishwa kukifungua, utotoni, ni msahafu, nao huanzia upande wa kulia. Siku moja wateja walijaa na jirani hakuwepo. Nyanya akakichukua kitabu, akachana kurasa za upande ule aliouona ndio mwanzo, akidhani ni zile tulizokwisha kuzisikia. Mwisho wote ukaenda na karanga.

Siku tulipofika pale palipochanwa, nilikuwa nimekaa ubavuni mwa jirani. Nikaona kidole gumba chake kimelala juu ya jalada tupu. Alikohoa kidogo, akaendelea. Mtu wa yai alishuka kwenye gari, mvua inanyesha, mama yake akamtambua kwa mwendo.

"Alirudia?"

"Alirudia, mama. Njo vile."

Nyanya alijifunika uso kwa kitenge. Siku hiyo aliweka pakiti moja kando na hakuiuza, na mpaka leo, kila akikaanga, anaweka moja, kama ya mtu aliye njiani.

Gari la moshi liliporudi, jirani aliondoka nalo kwenda kwao Kasai. Hatukupata tena habari zake. Mjomba hakurudi. Siku hizi karanga zinafungwa katika plastiki, na hakuna asomaye kilichozifunga. Mimi nasoma kimya, midomo imefumbwa, na hakuna wa kuniuliza kama mtu atarudi kwao.

Katika kitabu kizima, harudi. Anafia mbali, kwenye kituo ambacho mama yake hawezi kukitaja jina. Nikimwambia nyanya, nitamnyang'anya pakiti yake. Nikinyamaza, nitabaki na maiti hiyo peke yangu.

Jana alasiri nilikipeleka kitabu jikoni.

"Njo kitabu gani?"

"Cha mtu wa yai, nyanya. Hiki kiko na mwisho."

Aliendelea kukoroga karanga.

"Papa wa reli, siku ile, macho yake haikutembea," alisema. "Ilisimama pahali pamoja. Niliona."

"Na ukanyamaza?"

"Alikuwa anatusomea muzuri."

Aliondoa sufuria motoni, akafunga pakiti ya kwanza, akaiweka kando kama kawaida. Kisha akakaa, akanyoosha kitenge magotini.

"Soma, mujukuu. Lakini macho itembee."

Nikafungua kurasa za mwisho, nikamsomea kilichoandikwa.