Filamu ya Msitu Tuliyoiangalia Ipogolo

Mume wa rafiki yangu ndiye aliyeileta ile filamu. Aliijaza kwenye flashi mjini asubuhi, kabla ya misa, akaitunza kwenye mfuko wa koti ibada nzima. Binti yao wa kwanza alikuwa anapata kipaimara siku hiyo, na mimi nilikuwa nimetoka Mbeya kuja kumsimamia. Mchana wageni walikula, wakacheza, wakaaga. Binti akaenda kwa wenzake na gauni lake jeupe. Tukabaki watatu sebuleni: rafiki yangu, mumewe na mimi, tumeshiba pilau, viatu tumevua.

“Shemeji, hii inatisha,” aliniambia akichomeka flashi kwenye runinga. “Watu wamepotea msituni. Na imetafsiriwa.”

Nilitamani kusema nina usingizi, nikakaa.

Ilianza vizuri. Vijana wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, waliingia kwenye msitu wa mipaini mirefu kama ile ya Mufindi unayoiona ukiwa kwenye basi. Gari likaharibika, simu zikakosa mtandao, kitu kikaanza kulia miongoni mwa miti. Nikavuta miguu juu ya kochi. Lakini haikupita muda woga wote ukaniisha, nikabaki na hasira. Hakukuwa na hata mmoja kati yao wa kumwonea huruma. Mmoja alificha biskuti ndani ya soksi. Mwingine alimtukana mchumba wake aliyeumia goti. Walibishana kuhusu njia mpaka yule mtafsiri, anayeigiza sauti zote peke yake, akachoka akaongeza maneno yake: “Ndugu watazamaji, hawa mimi nawaacha waliwe.” Shemeji alicheka hadi akamwaga soda.

Na huyo mnyama mwenyewe, alipojitokeza mara moja nyuma ya mti, alikuwa kama mtu aliyejifunika blanketi la manyoya.

Nilikaa vibaya. Nikabadilisha upande. Nikatazama simu, nikairudisha, nikaitazama tena. Rafiki yangu alikuwa upande wa pili wa kochi, macho kwenye runinga, hacheki.

Kisha mmoja wa wale vijana akamwacha yule mwenye goti bovu, akaondoka na begi la chakula.

“Hakuna watu wa namna hii,” alisema shemeji. “Mwenzako ameumia, unamwacha unakwenda zako? Hawa wangekuwa na wewe, shemeji, wangeshafika nyumbani zamani.”

Niliinuka nikasema ninakwenda kuosha vyombo.

Lazima nieleze alichokuwa anakijua shemeji. Miaka kumi na minane kabla ya hapo, mimi na mke wake tulikuwa wanafunzi wa ualimu Mbeya, chumba kimoja, mimi kitanda cha juu, yeye cha chini. Jumamosi moja tulipanda kwenda kuliona Ziwa Ngozi, kule kwenye milima ya Uporoto. Wakati wa kurudi yeye akateguka mguu, ukungu ukashuka, mimi nikakimbia kutafuta msaada nikamwokoa. Hiyo ndiyo hadithi. Siku ya harusi yao, bwana harusi alinisimamisha ukumbini, watu wote wakanipigia makofi. Ndiyo maana nilikuwa msimamizi wa binti yao.

Ilivyokuwa kweli ni hivi. Tulikwenda bila mtu wa kutuongoza kwa sababu mimi nilisema njia ninaijua. Bibi yangu alizaliwa upande ule. Juu kabisa hatukuona ziwa, tuliona ukungu tu. Kwenye kushuka, ndani ya mianzi, akateleza, kifundo cha mguu kikavimba. Tulikaa chini. Akasema, “Wewe na ujuaji wako.” Nikamjibu kwamba ningekuja na mtu anayeweza kutembea, sasa hivi ningekuwa nyumbani nakunywa chai. Akasema, “Basi nenda.” Nikachukua begi, nikaenda.

Sikwenda kutafuta msaada. Nilikwenda kwa sababu sikutaka kuisikia sauti yake. Ndani ya begi kulikuwa na maji yetu yote na sweta lake.

Baada ya kona kadhaa hasira ikashuka, nikageuka. Mianzi yote ilikuwa inafanana. Nikamwita. Nikaita kwa jina, kisha kwa jina la utani, kisha nikawa napiga kelele tu. Kimya. Nikajua amekufa, au ametambaa akaanguka mahali. Hapo ndipo nilipokimbia kweli, nikianguka na kuinuka, mpaka nikatokea kwenye shamba la viazi walimokuwa mtu na mkewe wanachimba. Yule baba alichukua panga lake tukarudi pamoja. Jua lilikuwa halijazama tulipomkuta, palepale nilipomwacha, anatetemeka, halii. Alimwangalia yule baba akasema, “Nilimtuma akatafute msaada.”

Sikubisha. Miaka yote sikubisha.

Sasa nilikuwa uani kwake Ipogolo nasugua ukoko wa sufuria kwa mchanga. Barabarani malori ya Tunduma yalikuwa yakipita yakinguruma. Nilisugua mahali pamoja mpaka pakang’aa. Mlango ukafunguliwa, rafiki yangu akatoka, akavuta kigoda akakaa mbele yangu.

“Umeikimbia filamu.”

“Mbaya.”

“Mbaya kweli,” alisema. “Ila siyo kwa sababu anayosema mume wangu.”

Niliumwaga mchanga, nikachota mwingine. Nikasema bila kumtazama, “Kule Ngozi sikwenda kutafuta msaada.”

“Najua. Anayekwenda kutafuta msaada habebi sweta la mgonjwa.”

“Sasa kwa nini ulisema vile?”

“Yule baba alikuwa ananiangalia, na wewe ulikuwa umechanika magoti yote mawili. Ningesema nini? Halafu nikaulizwa chuoni, nikarudia. Nikamsimulia huyu mume wangu wakati ananichumbia. Ikawa ndiyo hivyo.”

Nilidhani amemaliza. Akashika ukingo wa sufuria, kama anataka kuninyang’anya.

“Uliniita,” alisema.

“Niliita mpaka sauti ikanikauka.”

“Nilikusikia. Kila ulipoita. Ulikuwa karibu, kama pale getini. Nilinyamaza makusudi. Nilitaka uogope. Nilitaka udhani nimekufa. Halafu nikasikia unaondoka. Nikaanza kuita mimi, na wewe hukusikia tena.”

Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilirusha mchanga wote chini, nikasimama. Miaka kumi na minane nimeubeba ule ukimya, nimeuota, nimewanyima wanafunzi wangu ruhusa ya kupanda mlima wowote, na kumbe alikuwa amekaa hatua chache, anasikiliza!

“Wewe ni mtu mbaya,” nilimwambia.

“Na wewe.”

“Ni kweli.”

Kutoka ndani mumewe akapaza sauti: “Njooni jamani, wamebaki wawili!”

Rafiki yangu akaanza kucheka, kisha machozi yakamtoka, akayafuta kwa kanga. “Namwambia leo,” alisema. “Nimechoka kukusifia.”

Akamwambia kweli, mimi nimekaa pembeni. Mumewe alisimamisha filamu ili asikilize. Alisikiliza mpaka mwisho, rimoti mkononi. Nilijiandaa kwa hasira yake juu yangu, lakini alimgeukia mke wake. “Ulimsikia,” alisema, “ukanyamaza?” Mke wake akaitikia kwa kichwa. Shemeji akazima runinga, akatoka kwenda kufungia kuku, akakawia huko.

Aliporudi hakunichangamkia kama alivyozoea, hakuniita mwokozi wa nyumba. Alipita uani, akachungulia dirishani akasema, “Shemeji, sufuria moja bado ina masizi.” Nikaenda kuimaliza. Nilikuwa sijawahi kutumwa kazi katika nyumba ile, na nilishangaa jinsi ilivyonipa nafuu.

Sikulala vizuri. Asubuhi rafiki yangu alinisindikiza kituoni, tukaongea habari za mvua na bei ya nyanya za Ilula. Basi lilipofika alinishika mkono kwa nguvu kuliko kawaida, akauachia haraka. Njia nzima hadi Mbeya nilikuwa nikipanga na kupangua maneno ambayo ningemwambia.

Wiki tatu baadaye alinipigia kuhusu sare ya harusi ya mdogo wake. Alikuwa amechagua kitenge cha njano. Nikamwambia njano haimpendezi mtu yeyote. Akasema mimi kila kitu najifanya najua. Tukabishana karibu nusu saa, tukipandishiana sauti, mume wake nyuma akisema tupunguze, tukakata simu bila kukubaliana. Nilibaki nimesimama jikoni, simu mkononi. Tangu siku ile ya Ngozi tulikuwa hatujawahi kubishana hivyo hata mara moja.