Nusu Niliyoisikia Nje ya Uzio

Nakumbuka alasiri moja nilikwenda nyumba ya pili kuazima mbuzi ya kukunia nazi, nikarudi bila mbuzi, ila na hadithi nzima kichwani. Mwanangu, umeniletea daftari lako ukaniuliza hadithi huanzia wapi. Yangu ya kwanza ilianzia pale, na nusura inikoseshe rafiki.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimeolewa, nina mtoto mmoja. Shule niliiacha darasa la tano mama alipougua. Basi walipofungua masomo ya jioni kwenye shule ya msingi ya kijijini kwetu, upande huu wa Msambweni, nilikuwa wa kwanza kuandikisha jina. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja. Tunaingia baada ya swala ya alasiri, tunatoka kabla ya adhana ya magharibi, tumekalia madawati ya watoto, magoti yanakaribia videvu.

Mwalimu wetu alikuwa kijana wa Shimba Hills, wazazi wake Wakamba waliokuja kulima huko. Alipenda insha kuliko hesabu, na sisi tukampenda kwa hilo. Alitukataza kuanza hadithi na jogoo kuwika, maana sote kumi na mmoja tulianza na jogoo. Anza pale jambo linapoharibika, alisema. Msomaji aone, asikie, anuse. Usimwambie kwamba mama fulani ana hasira, mwonyeshe anavyoiweka sufuria chini. Basi mimi nikawa natembea kijijini naangalia watu wanavyoweka sufuria.

Sasa huyo jirani, nitamwita Riziki. Miaka sita tulikuwa tukienda kisimani pamoja, na darasani tulikaa dawati moja. Mumewe alikuwa Saudia, dereva, na tulijua wote kwamba ule ulikuwa mwaka wa pili hajaonekana. Riziki alituambia anapiga simu kila Ijumaa. Alikuwa na simu ndogo iliyopoteza kifuniko cha nyuma, betri ameizuia kwa mpira mwekundu.

Alasiri hiyo nilipita kwa nyuma, ndiyo njia ya mkato. Nilipofika kwenye uzio wake wa makuti nikamsikia anaongea. "Hapana, baba Saidi," anasema, "watoto hawajambo. Nisikilize kwanza." Halafu anacheka. Ananyamaza kidogo, anaanza tena, "Nisikilize kwanza," anacheka tena. Nikasimama ili nisimkatize. Hapo hapo simu, ikiwa sikioni mwake, ikalia.

Riziki aliruka. Simu ikaanguka, betri huku, mpira kule. Nikaelewa kwamba muda wote ule hapakuwa na mtu upande wa pili. Nikarudi kinyumenyume kwa ncha za vidole, na habari ya mbuzi sikuikumbuka tena.

Niliiandika siku hiyo hiyo. Nilimwita Zaina, nikamhamishia Shimoni, nikampa mume baharia. Nilianzia pale simu inapolia, kama nilivyofundishwa. Mwanamke anaongea na simu iliyo kimya ili majirani wadhani anapendwa, hivyo ndivyo nilivyoandika. Mwalimu aliipenda, akaisoma mbele ya darasa amesimama. Wanawake walicheka mpaka mmoja akafuta machozi kwa leso. Mwalimu akafika penye mpira mwekundu, na kicheko kikakatika. Simu yenyewe ilikuwa juu ya dawati letu, mbele ya Riziki, na mpira wake.

Riziki alifunga daftari lake taratibu. Alichukua simu yake. "Samahani mwalimu," alisema, "nimeacha chungu jikoni." Akatoka.

Mtihani ulikuwa umebaki wiki tatu. Riziki alikuwa ameahidiwa kazi ya kufundisha watoto wa chekechea, sharti awe na cheti, na kwa kazi ile angeweza kusimama peke yake na watoto wake. Siku ya pili hakuja darasani. Ya tatu hakuja. Kisimani alibadilisha saa ya kwenda, nikabaki najitwisha mtungi wangu mwenyewe.

Na mimi, mwanangu, nilijitetea. Jina nimebadilisha, nilisema. Mahali nimebadilisha. Waandishi wote si ndivyo wanavyofanya? Hata kwenye mkeka wa kuswalia nilijikuta najitetea, na Mwenyezi Mungu hakuwa ameniuliza kitu.

Darasani tulikuwa na mkubwa wetu, Bi Mejumaa, amepita miaka sitini. Alikuja kusoma kwa sababu alichoka kuitikia jina lisilo lake hospitalini, alitaka aisome kadi yake kwa macho yake. Siku moja tukitoka alinisimamisha getini. Nikampa shikamoo na mkono, akaitika marahaba, mkono asiuachie. Nilijiandaa kuambiwa habari ya ghiba, dhambi ya kumsema mwenzio nyuma yake, na majibu nilikuwa nayo tayari. Hakuitaja kabisa.

"Ile hadithi yako imenikaa," alisema. "Yule mwanamke alikuwa akimwambia nini mumewe?"

"Alikuwa anajifanya tu, bibi."

"Sikukuuliza alikuwa akifanya nini. Umeandika alisema nisikilize kwanza. Asikilizwe nini?"

Sikujua. Nikamwambia sijui.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nje ya uzio."

"Mbona humo ndani ya hadithi sikukuona?" Aliniangalia kama mtu anayetaka kujua kweli, si kama mtu anayegomba, na hilo ndilo lililoniuma. "Umemvua mwenzio mbele za watu, wewe umejifunika leso mbili. Nenda kwake. Upite mlango wa mbele, upige hodi, ukamuulize hilo usilolijua. Akikufukuza, fukuzika."

Nilikwenda. Nilipiga hodi mara tatu, na jibu la karibu lilichelewa sana kutoka. Riziki alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. Nikaomba radhi, maneno yangu yote mazuri ya insha yamenikimbia. Aliendelea kuchambua mpaka akamaliza ungo mzima. Kisha akaniuliza siku ile nilikuja kutaka nini.

"Mbuzi ya kukunia nazi."

"Na hukuichukua."

"Sikuichukua."

"Ulichukua kingine," alisema.

Nikamuuliza lile la Bi Mejumaa, alitaka asikilizwe nini. Hapo ndipo alipoinua uso.

"Sikuwa nikiwaigizia nyinyi," alisema. "Nyinyi hata sikuwafikiria. Nilikuwa najifunza kumwambia aniache, anipe talaka yangu. Kila nikifika kwenye neno lenyewe nacheka. Mimi nikiogopa hucheka. Miaka sita tunakwenda kisimani pamoja, na hilo hukulijua."

Mwanangu, nilikuwa nimemchunguza mpaka mpira wa simu yake, na sikuwa nimemjua hata kidogo. Kile kicheko nilikisikia kwa masikio yangu, nikakiandika vizuri sana, na maana niliyokitilia haikuwa yake. Ilikuwa yangu.

Nilirudi nyumbani nikaandika upya. Simu niliitoa, Zaina nilimtoa. Niliandika habari ya mwanamke aliyekwenda kuazima mbuzi, akasimama nje ya uzio wa jirani, akasikia nusu ya jambo na akaibeba nyumbani kama zima. Nikampelekea Riziki mkononi kabla mtu mwingine hajaiona, nikamsomea pale pale jikoni. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hapa umesema uliona haya pale nje," alisema. "Hukuona haya. Ungeona haya ungekohoa. Ulifurahi. Andika ulifurahi."

Nikasema sikufurahi. Akanisogezea kalamu. Nikaichukua nikaandika nilifurahi, na mkono wangu ulikuwa mzito kuliko siku yoyote niliyowahi kushika kalamu. Akaniambia sasa inasomeka.

Jumatatu yake alikuwa kwenye dawati letu kabla yangu, mpira wa simu ameubadilisha akatia wa kijani, anangojea tu mtu aseme. Hakuna aliyesema. Nilisimama nikasoma, na nilipofika kwenye neno nilifurahi darasa lilikuwa kimya, ila yeye. Yeye alicheka, na safari hii nilijua anaogopa kwa ajili yangu. Mtihani tuliufanya pamoja. Hao watoto wa chekechea unaowasikia wakiimba asubuhi ni wake. Kama lile neno alimwambia mumewe au hakumwambia, na lilikwendaje, hayo alinihadithia na yamebaki kwangu.

Najua utaniuliza, mbona leo nayaeleza haya. Nimemsomea yeye kwanza, jana, na akanikatia mistari miwili. Riziki silo jina lake. Mpira haukuwa mwekundu, na pengine haukuwa mpira. Saudia labda si Saudia. Nimebadilisha mpaka mama yake mzazi angesoma asimjue. Lile la ndani sikulibadilisha, kwa sababu lile alinipa mwenyewe. Miaka hii yote nimejiuliza kama kubuni hadithi ni uwongo, na bado nauliza, lakini naona uwongo wangu ulikuwa ile hadithi ya kwanza, ambayo karibu kila kitu ndani yake kilitokea.

Kwa hiyo shika haya niliyojifunza. Anza pale jambo linapoharibika, mwalimu alisema kweli, na jogoo mwache alale. Mwonyeshe mtu kwa vitendo vyake, lakini ukishamwona anachofanya usikimbilie kuandika kwa nini anafanya. Uliza. Kama huwezi kuuliza, andika kwamba hujui, msomaji atakuheshimu zaidi. Ukimbadilisha jina peke yake bado hujambadilisha. Ukitaka kuandika aibu, tafuta yako kwanza, usianze na ya jirani. Na lile neno ambalo mkono unakataa kuliandika, lirudie, mara nyingi hadithi imejificha hapo. Kisha msomee mtu mmoja asiyekuogopa, na akikuwekea kidole kwenye mstari, usibishane naye sana.

Daftari lako nimelisoma, mwanangu. Kuna bibi humo, anayeficha sukari chini ya mto wa kulalia. Namjua. Nenda kwake kesho, kwa mlango wa mbele, umuulize anamfichia nani.

Mwenyezi Mungu akupe jicho la kuona na adabu ya kubisha hodi. Akujaalie kalamu isiyomdhulumu mtu, na rafiki wa kukuambia ulipodanganya, kama alivyonijaalia mimi. Amin.