Mume wangu alizikwa bila kengele, baba mkwe akanirudisha kwa Mungu

Wakuu, nawasalimu kutoka Suma, Rungwe. Haya yamenipata mwenyewe, na aliyetenda namtaja. Shule yangu ni ya darasa la nne, mtanivumilia.

Siku namzika mume wangu Gwamaka, kengele haikupigwa.

Kengele yetu ni ringi ya lori iliyoning'inizwa pale kanisani. Akifa mtu inagongwa, kila mtu anaweka jembe chini. Siku ile Ambakisye, mzee wa kanisa, alisimama mbele ya ringi akasema, "Huyu alitengwa. Zikeni wenyewe."

Kwaya wakafunga vitabu wakaondoka. Mvua inanyesha.

Nirudi nyuma. Tulitengwa kwa sababu tuliishi pamoja bila ndoa ya kanisani. Sawa, kosa letu. Lakini Gwamaka alipoanza kuumwa alienda kwa huyo huyo Ambakisye akatubu, nikiwepo. Akajibiwa, "Nitapeleka jina lako kwa mchungaji."

Wiki sita zikapita. Hakupeleka. Gwamaka akafa anasubiri.

Baada ya hapo nilikuwa hai jina tu. Chai haichumwi, ndizi zinaivia mgombani. Sikumwomba Mungu wala sikumlaumu, nilimwona hayupo. Naamka, najiuliza naamkia nini, nalala tena. Miezi hiyo.

Wasio wa huku niwaeleze. Kwa mila yetu Wanyakyusa, mke haonani na baba mkwe. Ukimwona njiani unaingia kwenye migomba. Miaka kumi na tisa mimi namjua baba mkwe kwa kikohozi tu.

Asubuhi moja kikohozi kikaja mpaka mlangoni. Nikajifunika kanga. Akakaa kizingitini, kanipa mgongo.

"Mwanangu, nimeleta kande. Nimepika mwenyewe, usitegemee makubwa."

Nilicheka. Mara ya kwanza tangu msiba.

Nikamuuliza, "Baba, hivi Mungu yupo?"

Akakohoa, ndipo akajibu.

"Tangu tumzike mwanangu simsikii. Ila kila asubuhi namwita. Ambakisye anashika funguo za kanisa, za Mungu hana."

Tukaomba. Yeye anatazama migomba, mimi natazama koti lake lililochanika begani. Sikuona maono, sikusikia sauti. Niliamua tu kumwamini, peke yangu, bila kwaya wala kengele. Kesho yake nikabeba kikapu nikaenda kuchuma chai. Lile koti nimelishona.

Kande bado analeta. Chumvi bado hajaipatia, nakula zote.

Nilichojifunza, wakuu, hapa kwenye kuamini hakuna wa kukuingilia, hata awe mzee wa kanisa. Karibuni mseme, mkiona nimekosea niambieni.

Ila baba mkwe macho yanaisha, na kila Jumapili ananiuliza kupitia mlangoni kengele ya Gwamaka itapigwa lini. Watu wa Suma mpo humu, mfikishieni Ambakisye.

Jina la mume wangu uliliweka wapi wiki zote sita? Simama mbele ya kanisa umjibu huyu mzee, angali hai.