Pilipili Mkononi

Mimi pilipili sili. Ikinigusa ulimi tu, siku yangu imeharibika. Lakini nyuma ya jiko langu hapa Gatete iko tele, na ni mimi ninayeimwagilia, ninayeinyunyizia majivu wadudu wasiikaushe, ninayefukuza kuku wasiichakure. Mbegu zake alizileta marehemu mume wangu kutoka Kigoma, tuliporudi nyumbani baada ya miaka mingi ya ukimbizi. Alizifunga kwenye kitambaa akazitia mfuko wa shati, kama vile Burundi hakuna pilipili.

Hakula ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, bila hiyo. Tena alikuwa mchokozi. Kwetu pilipili haipokelewi mkononi: unaiweka chini, mwenzako anaiokota, la sivyo mtagombana. Yeye alikinga kiganja makusudi. "Weka hapa," ananiambia, "tupate la kuzungumza." Nami naweka, na kweli tunabishana hadi usingizi: chumvi, redio, nani kaacha mlango wazi. Nilidhani ananichosha.

Sasa nyumba imenyamaza. Watoto wako Bujumbura, wanapiga simu Jumapili, wanauliza afya, salio linaisha. Kuna siku jua linazama nyuma ya milima ya Kongo na sijasema neno ila kwa kuku. Naumia, sifichi. Nilikuwa natamani mtu wa kunijibu tu.

Aliyekuwa akifika ni jirani yangu, mama anayeuza mawese sokoni Rumonge. Kila jioni anasimama penye ua.

"Amahoro, mama. Pilipili iko?"

"Iko."

Naiweka juu ya jiwe, anaokota, ananishukuru, murakoze, huyo kaenda zake. Adabu tupu. Nami nabaki na jiwe langu.

Juzi sikuweka. Nilimnyooshea mkono, pilipili kiganjani.

"Weka chini, mama," akasema. "Mi sitaki tugombane."

"Mimi nataka," nikamwambia. "Nimechoka kunyamaza."

Akanitazama. Akatazama baraza langu lenye kiti kimoja. Kisha akazichukua moja moja kutoka mkononi mwangu, akaondoka bila hata murakoze.

Kesho yake nilishinda nikijilaumu. Mtu mwenyewe ni huyo mmoja, na huyo nimemtisha. Jioni ikafika, penye ua hakuna mtu. Nikaanza kuwafungia kuku.

Ndipo nikasikia makelele ya jirani yangu.

"Mama! Mbuzi yako imekula mboga yangu, lengalenga yote! Toka huku unijibu!"

Mimi sina mbuzi. Sijawahi kufuga mbuzi maisha yangu yote. Nikakaza kitenge kiunoni, nikatoka mbio, nikamjibu kwa sauti yote niliyokuwa nayo kwamba mbuzi wangu ana adabu kuliko kuku wake.