Kiganja cha Bibi yake Banri

Nakumbuka tulipokuwa wadogo hapa ughaibuni, mtaani Newtown, sisi watoto wa manesi tulilelewa na yeyote aliyekuwa nyumbani. Mama akiwa kazini, nilishinda ghorofa ya chini kwa rafiki yangu Banri. Bibi yake alitoka milima ya kaskazini-mashariki mwa India, na lugha yake ilikuwa Kipnar, lugha ndogo iliyo ndugu ya Kikhasi cha majirani zao. Nyumba yao ilinukia wali, ufuta mweusi na tambuu, na midomo ya Bibi ilikuwa myekundu tangu asubuhi.

Enzi hizo hatukuwa na simu za kutunyamazisha. Mchezo wetu ulikuwa kiganja cha Bibi. Alikiweka mbele ya mdomo wako, nawe utamke. Neno hili lilitaka pumzi ipige kiganja, lile lilitaka isikiguse kabisa. Mengine yaliishia kwa p, t au k, mdomo ukafunga ghafla na hewa ikabaki ndani. Hapo ndipo nilipochekwa! Ulimi wangu wa Kiswahili ulilazimisha irabu mkiani mwa kila neno. Mama akinikuta nimevimbisha mashavu, alifoka, "Wewe, pumua! Nimetoka shift sasa hivi, sitaki kufanya CPR nyumbani!"

Lakini nilijifunza, maana chakula hakikupakuliwa kabla kiganja hakijaridhika. Banri peke yake alisamehewa. Alielewa kila kitu, akajibu kwa Kiingereza, na Bibi akamwacha tu, kwa kuwa alikuwa kitinda mimba wa nyumba ile.

Kwao binti wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba na wazee, ndiyo maana Banri anaishi na Bibi hadi leo. Sasa Bibi amezeeka sana, Kiingereza kimemtoka chote, na juzi Banri alinipigia akilia. Anamwelewa Bibi, lakini hawezi kumjibu. Iliniuma.

Nikaenda. Bibi hakunitambua. Nikatamka maneno yale ya kabla ya chakula, polepole, hewa nikiibana. Bibi akainua mkono, akauweka mbele ya mdomo wangu, akatabasamu. Kisha akamgeukia Banri, akamwekea yeye pia mkono mbele ya mdomo.

Wanangu wana app ya lugha inayowapigia makofi hata wakibahatisha. Sisi tulikuwa na Bibi. Banri alijaribu, akakosea, akajaribu tena huku machozi yakimtoka. Lakini safari hii Bibi hakumsamehe. Aliuacha mkono pale pale, mbele ya mdomo wa mjukuu wake, akingoja.