Siku Mbingu ya Kusini Ilipougua

Nilipokuwa na miaka tisa, tukiishi katika chumba kimoja cha nyumba kuukuu huko Bellevue, Johannesburg, bibi yangu alimfungia mama yangu ndani akiwa na uchungu wa kuzaa. Bibi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametoka Tanga kuja kumlea mzazi, na alitupenda kiasi cha kutuudhi.

Asubuhi hiyo mwanawe, Mjomba Bakari, aliyekuwa baharia, alipiga simu kutoka bandari ya kusini. Alisimulia kwamba usiku kucha waliona mbingu imegeuka nyekundu kama damu, na wenzake wakapiga picha wakicheka. Bibi hakucheka. Kwao, mwezi ukipatwa ilisemwa umemezwa na chewa, yule samaki mkubwa, na watu walipiga madebe ili autapike. Mwenye mimba hakuthubutu kutoka nje, asije akazaa mtoto mwenye kasoro. Kama mwezi tu una masharti hayo, aliuliza, sembuse mbingu nzima? Akafunga mlango, akautia ufunguo kwenye pindo la kanga, kisha akashika sufuria na kuigonga kwa mwiko, humo humo Bellevue, mchana kweupe. Nilicheka mpaka Mama akanikanya.

Saa sita umeme ukakatika. Juu ya paa la jirani alikuwapo Papa Kalonji, Mkongo wa Lubumbashi aliyefuga njiwa wa mashindano. Tangu asubuhi alikuwa akitazama angani, kwani njiwa wake walioachiliwa mbali hakurudi hata mmoja. Bibi alipomsikia akilalamika hayo kutoka huko juu, aliitikia kwa kichwa kama aliyeshinda kesi. Nikaacha kucheka.

Uchungu ulimshika Mama muda si mrefu baadaye. Bibi alisema atamzalisha mwenyewe, na kazi hiyo aliijua kweli, lakini mpaka alasiri mtoto alikuwa hajashuka na midomo ya Mama imepauka. Baba alikuwa Durban kufuata bidhaa, na simu haikushika. Mama hakumtazama Bibi tena, alinitazama mimi. Sijawahi kuogopa namna ile. Nilikuwa nimekatazwa kugusa hata pazia, lakini nilifungua dirisha nikampigia Papa Kalonji kelele kwamba Mama anakufa na Bibi amefunga mlango kwa kuogopa mbingu.

Alishuka, akagonga.

"Mama, fungua mulango," alimwambia Bibi kwa upole. "Mambo ya mbingu tutaongea kesho."

Bibi alilishika lile pindo la kanga. Kisha akanigeukia mimi.

"Akitoka chini ya mbingu hii, kitakachompata mtoto kitakuwa juu yako."

Akafungua.

Tulimlaza Mama nyuma ya pikapu ya Papa Kalonji, kanga usoni ili asiione mbingu. Kwa kukosa umeme, robot zote, yaani taa za kuongozea magari, zilikuwa zimezima na magari yamesongamana kila njia panda. Safari ya dakika chache kwenda hospitali ilituchukua karibu saa nzima. Shabani alizaliwa hai, lakini hakulia, na mkono wake wa kushoto haujapata nguvu mpaka leo. Daktari alisema alichelewa kupata hewa. Bibi alisema ni mbingu. Mimi, kwa miaka mingi, niliamini ni mimi.

Nikiwa mtu mzima ndipo nilipojifunza kuhusu ule mwanga uitwao aurora. Jua linapotupa dhoruba yake, usumaku wa dunia hutukinga, na wekundu ule ni kinga hiyo ikifanya kazi. Lakini dhoruba hiyo hiyo huweza kuunguza transfoma, kuvuruga mawasiliano na kuwapoteza njiwa wanaotegemea usumaku kujua njia. Kama ndiyo iliyotukatia umeme au ni transfoma chakavu tu, sijui. Njiwa wawili wa Papa Kalonji walirudi baada ya wiki, wamekonda sana.

Juzi juzi picha za mwanga ule zilipojaa tena kwenye simu za watu, nilimpigia Bibi huko Tanga nikamweleza yote. Aliniomba nirudie lile la kinga, nikarudia.

"Kumbe siku ile tulikuwa tunalindwa," alisema. "Na mimi ndiye niliyefunga mlango."

Maneno hayo niliyasubiri tangu utotoni, nikidhani yatanifurahisha. Hayakunifurahisha. Nilimwambia Bibi kwamba Shabani yupo, anataka kumsalimia, nikampa Shabani simu. Akaipokea kwa mkono wake mzima, akacheka, akamwita bibi yake kwa mapenzi kana kwamba hakuna aliyemkosea kamwe.