Umeme Haukukatika

Mtaani walimwita Pasi. Kazi yake ilikuwa kunyoosha mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali, lakini jina halikutokana na kazi peke yake. Waliomfahamu walisema huyo ni chuma kisichopoa upesi, mwenye akili hakigusi kwa kiganja. Alilisikia jina hilo na hakulikataa.

Kutwa nzima alisimama ndani ya mvuke. Mashuka yalitoka kwenye mashine yakifuka, blauzi ikamgandia mgongoni, hata kuta zilitoa jasho. Jioni alirudi kwenye nyumba yao ya vyumba viwili na sebule, na kabla ya kuvua viatu alikwenda moja kwa moja chumbani kwa binti yake. Humo ndani hewa ilikuwa baridi na kavu. Humo aliishi Sufi.

Sufi alikuwa chinchila, mnyama wa kijivu mwenye masikio ya duara na mkia kama wa kindi, na manyoya laini yaliyompa jina. Binti alipewa na mwalimu wake aliyehama, naye alipokwenda chuo cha bweni akamwachia mama. Kabla hajaondoka alimweleza kila kitu, kisha akarudia. Asili ya chinchila ni milimani, kwenye baridi kavu. Amevaa koti zito asiloweza kulivua, na jasho hatoi, kwa hiyo joto ambalo watu wanalilalamikia tu, yeye linamuua. Unyevu nao ni adui. Manyoya yakilowa hayakauki upesi, yanagandana na kuota ukungu. Ndiyo maana haogi maji. Huoga vumbi laini, akijibiringisha kwenye bakuli mpaka chumba kizima kinapiga chafya.

Mwanzoni Pasi alicheka. Watu walale na feni, panya awe na kiyoyozi. Lakini mkono uliozoea kutunza huwa haukai bure. Alitundika ukutani kipimo kidogo cha joto na unyevu, akawa anakitazama kama mtu anavyotazama sufuria ya maziwa jikoni. Joto likipita nyuzi ishirini na mbili, alipunguza. Unyevu ukipanda, aliziba mwanya wa dirisha kwa kitambaa. Nje aliweka ndoo chini ya bomba la kiyoyozi, na kila asubuhi alimwaga maji yaliyonyonywa hewani, akishangaa kwamba watu huyavuta yote hayo puani.

Mumewe hakushangaa. Alikuwa dereva wa teksi wa zamu ya usiku. Mchana alilala chumba cha pili, feni ikimpulizia joto lilelile, na jambo la Sufi lilimkaa kooni. Hakugombana. Alinuna tu, na kununa kwake kulikuwa kwa kimyakimya, kama paa linalovuja mahali usipopaona.

Siku yenyewe mvua ilinyesha alfajiri. Dereva alikuwa amefua mashati yake, akaona kamba ya nje imelowa, akayaanika chumbani kwa Sufi. Pasi alipochungulia humo kabla ya kwenda kazini akakuta kipimo cha unyevu kimeruka juu. Akayaanua mashati, akayatupa kwenye kapu, akamwambia mumewe kwamba chumba kile si kamba ya nguo, na kwamba mtu mzima haambiwi jambo moja kila siku. Maneno yalikuwa makali kuliko mashati yalivyostahili. Kisha akaenda zake kazini.

Mvua ikakatika, likatoka jua la kuchoma, na unyevu wote wa ardhini ukapanda hewani. Pasi aliporudi na kufungua mlango wa chumba, joto lilimpiga usoni kama la kazini. Kiyoyozi kilikuwa kimya. Sufi alikuwa amelala ubavu kwenye sakafu ya kizimba, masikio mekundu, mdomo wazi, mate yakimlowesha kidevu.

Hakupiga kelele. Alimtoa, akamlaza kwenye vigae vya bafuni, akampigia daktari wa wanyama. Daktari akamwambia ampanguse masikio na nyayo kwa kitambaa chenye maji ya baridi kiasi, asimtumbukize majini, na amlete mara moja. Pasi akampangusa huku akimwita jina. Alipokuwa akitafuta boksi la kumbebea, kifua kile kidogo kilichokuwa kikipanda mbiombio kikasimama.

Dereva alikuwa mlangoni. Alimtazama mnyama, akamtazama mkewe.

"Umeme ulikatika," akasema.

Ulikuwa uongo mzuri. Umeme hukatika, kila mtu anajua, na hakuna mtu wa kumlaumu. Pasi karibu aumeze. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Alipotoka nje kutafuta jembe la kuchimbia, alipita kwa jirani yao, fundi cherehani, akamkuta bado anashona kwa mashine ya umeme. Akamwuliza umeme umerudi saa ngapi. Fundi akainua macho.

"Urudi kutoka wapi? Nimeshona tangu asubuhi mpaka mguu umekufa ganzi."

Pasi akarudi nyuma ya nyumba na kuitazama ndoo. Siku nyingine ingekuwa imekaribia kujaa. Leo maji yalilowesha kitako tu. Akaingia chumbani kwa binti. Mashati hayakuwapo, lakini kamba bado ilikuwa imefungwa kutoka kitasani hadi dirishani, na dirisha lilikuwa wazi.

Hapo damu ikamchemka kwelikweli. Kosa angeweza kulipokea, hata kosa la ujinga, hata la hasira. Lakini kumtazama mtu mwenye maiti mkononi ukamdanganya! Alimkuta mumewe sebuleni anafunga vifungo vya shati kavu.

"Umeme haukukatika," alimwambia. "Umezima wewe, kwa mkono wako. Na binti yako akija Jumamosi, utamwambia wewe, kwa mdomo wako."

Dereva alijaribu kusema kwamba mtoto ataumia bure, kwamba umeme ungekuwa neno jepesi kwa wote. Pasi akamwambia neno jepesi alilokuwa akilitafuta lilikuwa la kumbeba yeye mwenyewe. Hawakuongea tena mpaka Jumamosi. Chakula alikipika, akakiweka mezani kwa kishindo, akaondoka.

Binti alikuja, na baba yake akamwambia. Alisema vibaya, kwa kuzungukazunguka, akianzia kwenye mvua na mashati aliyoyarudisha chumbani kwa hasira, lakini alisema, na mwishoni alisema ni yeye aliyezima. Pasi alisimama pembeni akisubiri msichana amgeukie baba. Msichana akamgeukia yeye.

"Mama, ulijua baba hampendi. Kwa nini hukuniambia? Ningempeleka kwa mtu mwingine."

Hasira ilimpanda Pasi upya, na safari hii haikuwa na mahali pa kwenda. Alikuwa amejua. Alikuwa amejivunia kujua nyuzi na asilimia, na mtu aliyelala upande wa pili wa ukuta hakumpima hata siku moja.

Binti alirudi chuoni na bakuli la vumbi kwenye begi. Kizimba alimwachia fundi cherehani, ambaye dada yake anafuga sungura. Nyumba ikabaki na watu wawili walionuniana kwa zamu.

Wiki kadhaa baadaye, jioni moja Dereva akinywa chai kabla ya kwenda kazini, alisema bila kuinua kichwa, "Kila jioni ulinipita hapa nimekaa. Unakwenda kumwuliza mnyama kama amelala vizuri."

"Na mdomo unao," Pasi akamjibu. "Ungesema, asingekufa."

Dereva alikubali kwa kichwa. Hakuomba asamehewe, naye Pasi hakumsamehe. Jambo lile hakulisamehe mwaka ule wala uliofuata. Kiyoyozi walikihamishia chumba cha Dereva, kwa sababu kukiacha kikitazama chumba kitupu kulikuwa upumbavu. Na jioni akirudi kutoka kwenye mvuke, Pasi husimama mlangoni mwa chumba hicho na kuuliza, kwa sauti ya mtu anayegombana, "Wewe, umelala vizuri?"